Kufundisha Kiingereza Korea: mnayoambiwa na yalivyo kweli

Watu wengi wanaulizia hii kazi ya kufundisha watoto Kiingereza Korea Kusini na majibu wanayopewa mengi sio, mtu anafika na picha nyingine kabisa kichwani halafu wiki ya kwanza tu anataka kurudi kwao. Mimi nipo huku kwenye hii kazi, ngoja niseme ninayoyajua.

"Ukijua Kiingereza vizuri tu, kazi unapata"

Hapana, na hii naianza nayo maana inawaliza watu wetu hela. Viza ya kufundishia lugha inaitwa E-2, na kwa Kiingereza kwa ujumla wanapewa raia wa nchi 7: Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Ukiwa na pasi ya Tanzania au Kenya hata uwe na digrii ya ualimu na Kiingereza kilichonyooka hiyo viza hupati, labda ufundishe kwa ukaazi wa aina nyingine, mfano umeoa au umeolewa na Mkorea. Mimi natumia pasi ya Kanada. Kwa kweli sio haki, Kiingereza cha mwalimu hakikai kwenye pasi, ila ndo sheria ilivyo, kwa hiyo ajenti akikwambia tuma hela akufanyie mpango usitume hata mia.

"Watoto wa Kikorea wametulia, wao ni vitabu tu"

Wale wadogo watakuvamia mlangoni siku ya kwanza. Una miaka mingapi, umeoa, mbona nywele zako ziko hivyo, na kama ni mweusi kuna atakayekusugua mkono aone kama rangi inatoka. Usimkasirikie jamani, wengi hawajawahi kukaa karibu na mtu mweusi, mwambie kwa upole usinishike nywele bila kuomba, anaelewa, na kesho anakuja kuomba kweli.

Utulivu utaukuta kwa wakubwa, la tano na la sita, na hapo ndo walimu wageni wengi wanapokosea. Unauliza swali, darasa zima linaangalia meza, unasema hawa hawajui kitu. Wanajua! Shule za serikali zinaanza Kiingereza darasa la tatu, tangu 1997, ila wazazi wengi wanawapeleka hagwon, yaani tuisheni za kulipia, toka chekechea, kwa hiyo dawati moja utakuta mmoja anasoma hadithi nzima na mwenzake bado anatafuta herufi. Anayejua anaogopa kuonekana anajidai, asiyejua anaogopa kuchekwa, basi wote kimya. Siku za mwanzo usimnyooshee mtu kidole ajibu peke yake. Waache waambiane majibu wawili wawili, halafu wacheze gawi bawi bo, ule mchezo wa mkasi, jiwe na karatasi ambao wanaamulia kila kitu, nani aanze, nani ashike maka peni, na aliyeshinda asome. Darasa lililokuwa kimya linageuka soko la samaki asubuhi, na wanaongea Kiingereza!

"Huko nidhamu ni fimbo"

Fimbo ilipigwa marufuku 2011. Shule ya serikali unakuwa na mwalimu mwenzako Mkorea na mambo ya nidhamu yeye ndo anayashika zaidi. Hagwon mara nyingi uko peke yako.

"Utafundishwa kazi kwanza"

Inategemea. Wanaoingia kwa EPIK, mpango wa serikali ulioanza 1995, wanapata semina kabla ya kupelekwa shuleni. Hagwon nyingi unashuka kwenye ndege, unamwangalia mwalimu anayeondoka kipindi kimoja viwili, kisha darasa ni lako. Kabla hujasaini mkataba uliza kabisa siku zangu za kwanza zitakuwaje, na wajibu kwa maandishi.

"Majina yao hayashikiki, waite ya Kizungu"

Wengi wana jina la Kiingereza walilopewa hagwon, sawa, ila jifunze hangul, maandishi ya Kikorea, usome na lile la nyumbani kwao, herufi zake ni chache na zina mpangilio, siku chache tu unasoma. Na ukiandika majina ubaoni tumia maka peni nyeusi au ya bluu, nyekundu kwa jina la mtu aliye hai wanaiona ni mkosi, inahusishwa na kifo. Kusahihishia madaftari kwa nyekundu haina shida.