Huduma ya kiroho kwa mgonjwa anayekaribia kufa ni nini?

Wengi wakisikia "huduma ya kiroho" wodini huwaza padri na mafuta yake, au shehe anayesoma Yasini kando ya kitanda. Hayo yamo, ila dhana yenyewe ni pana zaidi ya ibada. Ni kumsaidia mgonjwa na yale yanayomkaa rohoni siku zake zikielekea ukingoni: hofu, majuto, ndugu waliogombana naye, na uhusiano wake na Mungu, kama anamwamini.

Aliyelipa jambo hili uzito katika tiba ni Cicely Saunders, Mwingereza aliyekuwa muuguzi kabla ya kusomea udaktari. Mwaka 1967 alifungua St Christopher's Hospice, kituo cha kuwatunza wanaokaribia kufa, London. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya akili, ya kijamii na ya kiroho, yote yakiwa yamefungamana; kwa hiyo mofini, dawa ya kutuliza maumivu, peke yake haitoshi. Nairobi Hospice, iliyoanza 1990, na Hospice Africa Uganda, ya 1993, zimetokana na fikra hizo za tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona.

Chukua mfano wa mzee Mwislamu ambaye dawa imeongezwa na bado usiku hapati usingizi. Nesi anavuta kiti. "Mzee wangu, kuna jambo linakusumbua?" Linatoka polepole: kuna mwenye duka anamdai, na watoto hawajui. Mwanawe anaitwa, anatajiwa kiasi, anaahidi kulipa. Hapo hakuna aliyeomba dua, na bado hiyo ni huduma ya kiroho hasa.

Imani ya nesi mwenyewe inaingia wapi? Mara nyingi inamsaidia. Anayemtegemea Mungu wake huweza kukaa na mtu aliye katika sakarati bila kutafuta kisingizio cha kwenda kukagua dripu ya jirani. Shida huanza anapoileta imani hiyo bila kuitwa: mlokole anayekemea mauti kwa sauti juu ya mgonjwa aliyekwishakubali kwenda, au Mwislamu anayemlakinia shahada Mkristo, yaani kumtamkia ili aifuatishe. Mgonjwa huyo anamtegemea kwa dawa, kwa maji, hata kwa kusafishwa. Akiulizwa "nikuombee?" atathubutu vipi kukataa? Uingereza kuna muuguzi aliyesimamishwa kazi mwishoni mwa 2008 kwa kujitolea kumwombea mgonjwa, akarudishwa mapema 2009. Adhabu ile naiona ilizidi. Hata hivyo, ni afadhali ombi litoke kwa mgonjwa.

Yapo pia yasiyo ya nesi. Mpako wa wagonjwa kwa Wakatoliki hutolewa na padri tu, kwa hiyo aitwe mgonjwa angali anaweza kuungama, si alfajiri pumzi zikihesabika. Kugeuza kitanda kielekee kibla, lakini, kunawezwa na yeyote, wa dini yoyote.

Kwenye faili huwa kuna mstari wa dini, na mara nyingi hujazwa na ndugu aliyemleta mgonjwa. "Mkristo" pale haisemi mengi: Mkatoliki atamtaka padri, Shahidi wa Yehova atakataa damu, na mwingine alibatizwa utotoni akaacha kusali zamani. Kwa huyo wa mwisho, swali la nesi laweza kuwa: "Ungependa nani aje kukaa nawe?" Pengine atamtaja mjukuu.