Kidonge cha XR (kinachotoa dawa polepole) kutoka chooni sio kwamba dawa haijafanya kazi

Juzi tena, mama mmoja wa sukari kaja dirishani ananiambia "dada hii metformin yenu inatoka nzima chooni, siku hizi naitwanga kwanza ndo nameza." Nimechoka kuisikia hii, na inaniumiza kwa sababu watu wanajidhuru wakidhani wanajisaidia.

Jamani, kilichotoka ni makapi. Metformin XR nyingi zimeshindiliwa na haipromelosi, yani selulosi iliyobadilishwa kikemia ili ivimbe ikipata maji. Chukua kimoja ukiweke kwenye glasi, ukikishika baadaye kinateleza kama mlenda, na ukikikata na kisu katikati bado pakavu. Tumboni ni hivyohivyo, dawa inapenya kwenye ule ute kidogokidogo kwa masaa na ute wenyewe unamomonyoka taratibu, sasa sisi binadamu hatuna kimeng'enya cha kuvunja selulosi kwa hiyo masalia yanatoka yakiwa laini na yana umbo la kidonge. Ni kama muwa, utamu umeshafyonzwa kitambo. Kama una wasiwasi pima sukari, usihukumu dawa kwa kuangalia choo. Ila ukiwa unaharisha sana njoo tuongee, hapo kinaweza kupita haraka mno.

Ukitwanga au kutafuna umeua ule ute, dozi ya siku nzima inamwagika kwa mkupuo, usiku dawa imeshaisha. Kwa metformin utaharisha na kusikia kichefuchefu. Kwa nifedipine retard ya presha (nayo inatoa dawa polepole) ni hatari zaidi, presha inaporomoka ghafla, moyo unaenda mbio, mtu anaanguka bafuni.

Eti selulosi ni unga wa mbao? Chanzo ni mbao au pamba kweli, lakini imesafishwa na kubadilishwa, hata kwenye vyakula vya viwandani imo.

Eti XR ni kali kuliko ya kawaida? Dawa ni ileile, kinachotofautiana ni mwendo wa kutoka.

Eti chenye mstari unakata tu? Vingine ndio, mfano metoprolol succinate ya presha, kwa sababu ndani ni punje ndogondogo kila moja na koti lake, unakata nusu ila hutafuni. Vingine hapana, uliza kwanza.

Metformin XR imeze na chakula cha jioni, maji glasi nzima. Na kama kumeza kunakushinda sema, tutaongea na daktari akubadilishie upewe ya kawaida, kinu rudisha jikoni.