Vinzi vyeusi kwenye maua ya ndani: acheni kupuliza sumu sebuleni, kausheni udongo

Masika ikianza tu, maswali yanayoletwa ofisini kwetu yanabadilika. Miezi mingine tunaulizwa habari za viwavijeshi, kwelea kwelea na panya, ila mvua zikikolea watu wa mjini nao wanaanza kupiga simu na wengi wana shida moja, kuna vinzi vidogo vyeusi vinarukaruka kwenye maua ya ndani, vinadumbukia kwenye chai, usiku vinatambaa kwenye skrini ya kompyuta, tumepuliza dawa ya mbu ya kopo na bado vipo, sasa tununue sumu gani iliyo kali zaidi?

Jibu ni kwamba hamna haja ya sumu kali zaidi. Naomba hili lieleweke mapema kwa sababu msimu huu tumepata taarifa nyingi za watu kupuliza dawa za shambani ndani ya nyumba, tena vyumba wanavyolala watoto, kisa vinzi ambavyo having'ati, havinyonyi damu na havileti malaria wala ugonjwa wowote kwa binadamu. Najua ni kero. Lakini kero ya chungu cha maua haitibiwi kwa sumu ya kahawa au pamba.

Kile unachokiona kinaruka kimeshamaliza kazi yake. Kinzi mzima anaishi kama wiki moja hivi, siku 7 mpaka 10, na katika muda huo jike anaweza kutaga mayai hadi 200 kwenye nyufa za udongo wenye unyevu. Mayai yanaanguliwa ndani ya siku chache, wanatoka funza wanaokaa kwenye sentimita 5 hadi 8 za juu za udongo wakila ukungu, mwani na majani yaliyooza, na wakizidi wanahamia kwenye vinyweleo vya mizizi. Wanakula kama wiki 2, wanageuka kuwa pupa, halafu wanatoka wanaruka na mzunguko unaanza upya, kwa hiyo kwa joto la nyumba zetu mzunguko mzima ni kama wiki 3 tu. Sasa ukipuliza kopo lako jioni umeua wale wanaoruka jioni hiyo, mayai yapo, funza wapo, pupa wapo, na keshokutwa wanatoka wengine halafu unasema dawa feki. Dawa inaweza kuwa nzima kabisa, ila umeipuliza hewani wakati tatizo liko kwenye udongo.

Kabla hujafanya chochote hakikisha ni vyenyewe, maana kuna watu wanakausha maua yao bure wakati wadudu wanatoka kwenye sinki au kwenye ndizi zilizoiva kupita kiasi jikoni. Chukua kiazi mviringo, kikate kipande chenye unene wa kama sentimita 2, ulaze upande uliokatwa juu ya udongo wa chungu, ubonyeze kidogo ugusane vizuri, usikiguse siku 3 au 4. Ukikigeuza utawaona wamejikusanya chini yake, funza wembamba wa milimita chache, mwili mweupe unaoonyesha mpaka ndani, ule mstari mweusi unaouona katikati ni chakula walichokula, na kichwa ni cheusi kinachong'aa kama kimepakwa rangi. Hicho kichwa cheusi ndo alama ya kuangalia. Kama kiazi kimetoka kisafi kwenye vyungu vyote basi kaangalieni sinki na kapu la matunda. Kikitoka na funza weka alama kwenye chungu hicho, kwa sababu sio vyungu vyote vitakuwa navyo na hamna sababu ya kuhangaika na kumi wakati vyenye shida ni viwili.

Tuje kwenye maji, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye kazi yenyewe. Maua ya ndani watu wanayamwagia kwa ratiba badala ya kuangalia udongo. Dada wa nyumbani ameambiwa amwagie kila asubuhi basi anamwagia kila asubuhi, iwe kiangazi iwe mvua, chumba kina AC au hakina, na wala sio kosa lake ndivyo alivyoelekezwa. Maofisini ni mbaya zaidi maana pale hakuna mwenye ua, kila mtu ana huruma nalo, mfanya usafi anamwagia asubuhi, dada wa mapokezi mchana, na kikao kikiisha watu wanamalizia humo maji yaliyobaki kwenye glasi. Na chai. Jamani chai ya maziwa yenye sukari kwenye chungu cha maua sio mbolea, inaota ukungu, na ukungu ndio chakula cha hao funza. Nimeona vyungu vya ofisi ambavyo juu ya udongo kuna utando wa kijani na chini yake harufu ya maziwa yaliyochacha, halafu nimeitwa niandike jina la dawa.

Utaratibu ni huu. Ingiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili, kama kuna ubaridi na udongo unang'ang'ania kidole usimwagie, subiri. Mimea mingi tunayofuga ndani, ile yenye majani marefu magumu yaliyosimama kama upanga na ile inayotambaa ambayo wengi wanaiita manipulanti, inavumilia ukavu kuliko mnavyodhani, ile ya majani magumu unaweza kuiacha wiki 2 au zaidi bila tone. Sehemu ya juu ya udongo ikikauka vizuri mayai na funza wachanga wanakufa na jike hapati pa kutagia. Kama mmea wako ni wa kupenda maji na ukikauka unanyauka, mwagilia kwa kutokea chini, weka chungu kwenye beseni lenye maji dakika 20 au 30, mizizi inavuta inachotaka, kisha toa chungu na maji mwaga. Juu kunabaki pakavu.

Visahani vya chini ya vyungu navyo mwageni maji, tafadhali, na hili silisemi kwa ajili ya vinzi peke yake. Mbu aina ya Aedes anayeambukiza homa ya dengi anazaliana kwenye maji madogo yaliyotulia kama hayo, na Dar es Salaam tumeshapata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019. Inasikitisha kuona mtu anapigana na vinzi visivyo na madhara wakati kwenye kisahani hichohicho cha ua ana viluwiluwi vya mbu hata hajaviangalia. Kila baada ya kumwagilia subiri maji yachuje, mwaga, futa kisahani.

Kuhusu udongo, wauza maua wa barabarani wengi wanachanganya udongo mweusi na samadi, wengine pumba au maranda, na kwa shambani au nje mchanganyiko huo hauna ubaya. Shida ni samadi ambayo haijaiva kuwekwa ndani ya chumba chenye hewa nzito, hapo umefungua hoteli. Ukinunua ua jipya litenge na mengine wiki 3, fanya kipimo cha kiazi, ndio uliingize kwenye kundi. Kama unabadilisha udongo mwenyewe tumia samadi iliyokaa miezi kadhaa mpaka haina harufu, changanya na mchanga mnene au makumbi ya nazi ili maji yapite, na kama una nafasi uupashe moto kwanza, uweke kwenye sufuria la zamani lenye mvuke nusu saa, upoe ndio upande. Wengine wanatandaza mchanga juu ya udongo sentimita 1 au 2, inasaidia kwa sababu juu panakauka haraka, ila uwe mchanga wa mto. Mchanga wa beach una chumvi, utaua ua na vinzi vitahamia kwa jirani yake.

Sasa zile dawa za kwenye magrupu. Mdalasini wa unga hautamaliza funza walioko chini, unanukia vizuri basi. Maji ya Omo yanaunguza mizizi. Mafuta ya taa na petroli sitaki hata kuvisikia ndani ya nyumba yenye jiko la gesi. Mwarobaini una kitu, kile kiambato chake kinavuruga funza wasikue, lakini kimejaa zaidi kwenye mbegu kuliko majani na mchemsho wa nyumbani hauna kipimo, leo mkali kesho maji matupu, kwa hiyo kama unataka mwarobaini nunua mafuta yaliyosajiliwa ufuate lebo. Haidrojeni peroksaidi ya famasi ile ya asilimia 3 ukiichanganya sehemu moja kwa sehemu nne za maji ukamwaga kwenye udongo inaua funza inaowagusa, ila haidumu na usipobadilisha umwagiliaji watarudi. Karatasi za njano zenye gundi ni nzuri, zinakamata wanaoruka na zinakuonyesha kama wanapungua, ziwekeni karibu kabisa na udongo maana hivi vinzi haviruki juu sana.

Wengi wanauliza kuhusu bakteria, na ni swali zuri. Kuna bakteria anaitwa Bti ambaye sumu yake inaua funza wa vinzi hivi na viluwiluwi vya mbu bila kudhuru watu, na kile kiwanda cha Kibaha kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba kinatengeneza viuadudu vya mbu vya aina hiyo. Lakini angalieni mambo mawili. Kwanza sio kila dawa ya bakteria ni Bti, ile inayouzwa kwa ajili ya viwavi wa mboga ni aina nyingine na haitafanya kitu kwenye chungu chako. Pili, kiuatilifu kinatumika kwa kazi iliyoandikwa kwenye lebo yake, kama lebo inasema mazalia ya mbu basi muulize mtaalamu kabla hujamwaga kwenye maua, mimi siwezi kukuandikia hapa kipimo ambacho lebo haina.

Na hapo ndo tunafika kwenye sheria, ambayo naona wengi wanaiona ya wakulima wakubwa tu. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 ndiyo iliyoanzisha TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, makao yake makuu yako Ngaramtoni Arusha pale ilipokuwa TPRI, ile taasisi ya zamani ya utafiti wa viuatilifu, na kiuatilifu chochote kinachouzwa nchini lazima kiwe kimesajiliwa, iwe lita 200 za shamba la mkonge au kichupa cha kupuliza sebuleni. Muuzaji naye lazima awe na kibali. Yule anayepita mtaani na spika akitangaza dawa ya mende, kunguni, panya na viroboto, na anakumiminia kwenye chupa ya maji, hajakuuzia kilichosajiliwa hata kama ndani kuna dawa ya kweli, kwa sababu kufungasha upya bila kibali na kuuza bila lebo ni kosa, na makosa ya namna hii yanaweza kumpeleka mtu kwenye faini, kifungo au vyote viwili. Chupa isiyo na lebo haina jina la kiambato, haina kipimo, haina tarehe ya kuisha, na mtoto akinywa daktari hana pa kuanzia. Hili limeshatokea kwenye familia za watu na linauma kwa sababu lilizuilika.

Ukiwa na mashaka na ulichouziwa usikimwage chooni wala kwenye mtaro. Kiache kwenye chupa yake, funga vizuri, weka juu mbali na watoto, piga picha pande zote za chupa, kama una risiti itunze, andika ulinunua wapi na lini, halafu nenda kwa afisa kilimo wa kata au halmashauri yako au ofisi ya kanda ya TPHPA. Huhitaji wakili, huhitaji barua ya serikali ya mtaa. Afisa atachukua maelezo, atalinganisha jina na namba ya usajili na orodha iliyopo, na ikibidi sampuli itakwenda maabara. Usiende kugombana na muuzaji, ukimshtua anahama na ushahidi unapotea.

Ndugu zangu mnaobeba vipandikizi vya maua kutoka Nairobi au Dubai kwenye begi, hao funza na mayai yao wanasafiri kwenye udongo, na pamoja nao wadudu wabaya zaidi ambao bado hatunao. Mmea unaingia nchini kwa kibali cha kuingiza unachoomba kabla ya kusafiri na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka, vyote viwili, sio kimoja. Mkaguzi wa uwanja wa ndege au mpakani akikuta huna anaweza kuuzuia, kuurudisha au kuuteketeza, na kumwambia ni zawadi ya mama hakubadilishi kitu.

Wanaolima uyoga nyumbani mimi nawahurumia zaidi kwa sababu kwao hivi vinzi ni hasara ya pesa, funza wanaingia kwenye utando wa uyoga wenyewe. Msiweke maua ya vyungu karibu na chumba cha uyoga, wekeni wavu wa matundu madogo kabisa dirishani na mlangoni, na mifuko iliyokwisha kuvunwa itoeni nje siku hiyohiyo.

Kwa wengine wote, kausheni udongo, wekeni karatasi za njano, na mvumilie wiki 3 hadi 4. Wiki ya kwanza mtaendelea kuviona vinaruka, hao ni waliokuwa tayari pupa, msirudi kwenye kopo. Baada ya hapo rudieni kipimo cha kiazi kwenye vile vyungu vyenye alama, na chungu kitakachotoka tena na funza wengi baada ya mwezi mzima wa kukaushwa kiangalieni tundu la chini, mara nyingi limeziba.