Seli ni nini, na kwa nini haifanani na mchoro wa kitabuni

Mwanafunzi anayeanza sayansi hukutana na seli kwenye mchoro kabla ya kukutana nayo kwenye hadubini. Mchoro una kiini cha rangi katikati, mitokondria (vijisehemu vinavyoipa seli nishati) zimetawanyika pembeni, na kila kitu kina mstari na jina lake. Akija kuinamia hadubini, anaona vyumba vilivyofifia na doa moja moja hapa na pale. Wengi hudhani wamekosea. Ukweli ni kwamba mchoro ule umekusanya mahali pamoja vitu vilivyogunduliwa kwa vyombo tofauti, katika vipindi tofauti, na sehemu kubwa yake haiwezi kuonekana kwa hadubini ya kawaida ya shule hata uikodolee macho mpaka jioni.

Tuanze na maana yenyewe. Seli ni sehemu ndogo kabisa ya kiumbe ambayo bado ina uhai. Ukiivunja zaidi ya hapo unabaki na protini, mafuta, maji na kemikali nyingine, na hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kujilisha, kukua au kuzaana peke yake. Bakteria ni seli moja tu na shughuli zake zote humalizikia humo. Mwili wa mtu una matrilioni ya seli, zilizogawana kazi: nyingine hubeba oksijeni, nyingine hupeleka taarifa, nyingine hujikunja na kunyooka ili msuli ufanye kazi.

Kila seli ina utando unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke, ina saitoplazimu, yaani ute wa ndani ambamo kazi nyingi hufanyika, na karibu zote zina DNA, yaani maelekezo ya urithi. Katika mimea, wanyama na kuvu, DNA nyingi hukaa ndani ya kiini. Bakteria hawana kiini. DNA yao imo humo humo kwenye saitoplazimu. Chembe nyekundu za damu ya binadamu nazo hupoteza kiini zinapokomaa, kwa hiyo usishangae ukizitazama na usikione.

Sasa, jambo linalowachanganya wengi kuliko yote ni tofauti ya utando na ukuta. Seli ya mmea ina vyote viwili: ukuta mgumu wa selulosi kwa nje, na utando laini uliogandamana nao kwa ndani. Seli ya mnyama ina utando pekee. Mwanafunzi akitazama ngozi ya kitunguu, huona mistari inayotenganisha seli na kuandika "utando". Hapana, ule ni ukuta. Utando una unene wa nanomita chache tu (nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita), na hakuna lenzi ya kioo inayoweza kuuonyesha.

Lakini unaweza kuulazimisha ujitokeze. Chukua kitunguu chekundu, bandua ngozi nyembamba ya nje ya gamba lake, ile yenye rangi, uiweke kwenye slaidi na tone la maji, kisha funika kwa kioo chembamba. Seli zitaonekana zimejaa rangi ya zambarau kutoka ukingo hadi ukingo. Dondosha maji ya chumvi upande mmoja wa kioo, na upande wa pili gusisha karatasi inyonyayo ili maji ya chumvi yavutwe chini ya kioo. Subiri dakika chache. Maji yataanza kutoka ndani ya seli, na ile rangi itasinyaa na kujitenga na ukuta, ikiacha nafasi tupu kwenye pembe. Ukuta umebaki palepale na umbo lake. Kilichorudi nyuma ni utando pamoja na vyote ulivyovizunguka. Ukingo wa ile rangi ndipo utando ulipo. Kwa maoni yangu, jaribio hili dogo linafundisha zaidi ya kukariri michoro kumi.

Hata historia ilianza na ukuta. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha michoro ya kipande chembamba cha gome la mti wa koki. Alichokiona ni vyumba vitupu, kwa sababu seli zile zilikwisha kufa zikaacha kuta. Miaka michache baadaye, huko Delft, Uholanzi, mfanyabiashara wa vitambaa Antonie van Leeuwenhoek alitumia lenzi moja aliyoisaga mwenyewe akaona vijidudu hai vikiogelea kwenye maji. Kiini kilikuja kutambuliwa na kupewa jina na mtaalamu wa mimea Robert Brown mwaka 1831, na mnamo 1838 na 1839 wanasayansi Wajerumani Schleiden na Schwann wakaeleza kwamba mimea na wanyama wote wameundwa kwa seli.

Kuhusu hadubini yenyewe, hesabu ya ukuzaji ni rahisi: namba ya lenzi ya jicho mara namba ya lenzi iliyo karibu na slaidi. Lenzi ya 10 na lenzi ya 40 zinakupa ukuzaji wa mara 400. Lakini ukuzaji si kila kitu. Mwaka 1873 Mjerumani Ernst Abbe alionyesha kwamba mwanga wenyewe una kikomo: vitu viwili vilivyokaribiana chini ya takriban mikromita 0.2 (mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita) huonekana kama kimoja. Ukikuza zaidi unapata ukungu mkubwa zaidi, basi. Ribosomu, vijisehemu vya seli vinavyotengeneza protini, zenye upana wa nanomita 20 hadi 30, zilisubiri hadubini ya elektroni, ambayo ya kwanza ilijengwa Ujerumani mwaka 1931 na Ernst Ruska na Max Knoll.

Anza daima na lenzi fupi, ile ya 4 au 10, kwa sababu inaonyesha eneo kubwa. Ukianza na ya 40 utakuwa unatafuta ndani ya duara lisilofika nusu milimita, na ni rahisi kugonga slaidi. Tazama kwa pembeni huku ukisogeza lenzi karibu na slaidi kwa skrubu kubwa. Kisha ndipo uweke jicho na uanze kuzitenganisha taratibu. Kwenye lenzi ya 40 gusa skrubu ndogo tu. Ukisukuma slaidi kulia, taswira itakwenda kushoto. Na kama huoni kitu, usikimbilie kuongeza mwanga. Seli hai karibu zote ni angavu, na mwanga mwingi huzifuta kabisa. Punguza tundu la mwanga na kingo zitajitokeza. Tone la iodini hukipa kiini rangi ya manjano ya kahawia, na seli za ndani ya shavu huonekana vizuri kwa rangi iitwayo bluu ya methilini.

Duara kamili lenye ukingo mweusi mnene si seli. Ni kiputo cha hewa, na karibu kila anayeanza amewahi kukichora. Shusha kioo cha kufunikia kwa mshazari, ukingo mmoja ukitangulia kugusa maji, na viputo vitapungua.

Ukitaka kujua ukubwa wa seli, soma namba ya uga iliyoandikwa kwenye lenzi ya jicho. Kama ni 18, igawe kwa namba ya lenzi iliyo karibu na slaidi: kwa lenzi ya 10 unapata duara lenye kipenyo cha milimita 1.8. Seli sita za kitunguu zikijipanga kwa urefu kukatisha duara hilo, kila moja ina takriban milimita 0.3. Jicho tupu linaweza kutenganisha vitu vilivyoachana kwa kiasi cha milimita 0.1, kwa hiyo seli hiyo si ndogo kiasi cha kushindikana. Huioni kwa sababu haina rangi na imebanana na wenzake. Seli ya shavu, yenye mikromita 60 hivi, ndiyo iliyo chini ya uwezo wa jicho.