"Ni Kikohozi cha Sigara Tu": Maswali na Majibu Kuhusu Tumbaku Kutoka Lamu

Maswali haya huulizwa zahanati, mengine kwenye madaka ya mji wa kale, mengine jeti ya Mokowe watu wakingoja boti. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu mtu akiwa mbele yangu. Nikionekana mkali mahali fulani, nisamehewe, kwani wengi wanaouliza huwa tayari wamechelewa.

Tumbaku inadhuru nini hasa mwilini?

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati yake zinajulikana kuleta saratani. Nikotini ndiyo inayokufanya urudie, na yale mengine ndiyo yanayoharibu mapafu, moyo, mishipa ya damu, koo na kibofu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati ya hao si wavutaji. Wao waliishi tu na wavutaji, au walifanya nao kazi.

Nimevuta miaka mingi na nakohoa kila asubuhi. Si kikohozi cha sigara tu?

Hapana. Hata kama ungekuwa jirani yangu, ningekujibu hivyo hivyo: hapana.

Hili ndilo neno linalotuponza visiwani. Mtu anakuja amekonda, suruali ameifunga kwa kamba, usiku analoa jasho, jioni anapata homa. Ukimwuliza amekohoa tangu lini, anasema tangu kusi ilipoanza, nawe ukitazama nje kaskazi imeshaingia. Muda wote huo alikuwa akijiambia ni sigara, ni baridi ya baharini, ni upepo.

Mvutaji ana hatari ya kuugua kifua kikuu, yaani TB, mara mbili au zaidi kuliko asiyevuta. Saratani ya mapafu humpata mara 15 hadi 30 zaidi. Sasa niambie, kati ya watu wawili wanaokohoa, ni yupi anayepaswa kukimbilia kupimwa? Ni yule yule anayesema "ni sigara tu".

Kikohozi kikifika wiki mbili, njoo upimwe makohozi. Ukiona damu kwenye makohozi usihesabu wiki, njoo leo.

Lakini nimekohoa hivi miaka kumi na sijafa.

Kikohozi cha zamani hakikukingi na ugonjwa mpya. Mapafu yaliyochakaa kwa moshi yanaweza kupata TB juu yake, na saratani pia huanzia humo humo. Jiulize kama kikohozi chako kimebadilika. Je, sasa kinakuamsha usiku? Makohozi yamebadilika rangi? Sauti imekauka haitaki kurudi? Ngazi za nyumbani kwako, ulizokuwa ukizipanda na ndoo ya maji, sasa unapumzika katikati? Basi hicho si kile kikohozi chako cha miaka kumi.

Na hata kama hakijabadilika, wiki mbili ni wiki mbili. Njoo.

Nimeshakunywa dawa ya chupa, tangawizi na asali, na antibiotiki za duka la dawa. Kwa nini nije?

Tangawizi na asali kunywa, hazina ubaya, koo litatulia. Habasoda pia. Ila hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotibu TB.

Kinachonikera ni zile antibiotiki. Mtu anapewa vidonge vya siku tano, anapata nafuu, anasema kumbe ilikuwa kifua cha kawaida. Baadhi ya antibiotiki hutuliza TB kwa muda bila kuiponya. Kikohozi kinarudi, anabadilisha duka, ananunua nyingine. Huku nyuma wajukuu wanalala naye chumba kimoja, katika nyumba za mawe zenye kuta nene, vyumba vyembamba na madirisha machache. Nyumba hizi ndizo zilizoupa mji wa kale nafasi katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, nasi tunajivunia, lakini hewa ya humo haiondoki upesi. Mtoto wa chini ya miaka mitano akiambukizwa TB anaweza kuugua vibaya sana.

Kwa hiyo unapochelewa, hujicheleweshi peke yako.

Kipimo ni pesa ngapi? Na watu watasemaje?

Kupima makohozi na dawa za TB ni bure katika vituo vya serikali. TB ya kawaida hutibiwa kwa miezi sita, na ukimeza dawa bila kukosa, unapona. Mashine ya GeneXpert, inayotafuta TB kwenye makohozi, hutoa jibu kwa chini ya saa mbili. Kama sampuli inasafirishwa kwa boti, jibu litachelewa kidogo, ila kuchelewa huko si kitu ukikulinganisha na miezi uliyokaa nyumbani.

Kuhusu watu: mji wetu ni mdogo, kila mtu anajua nani ameingia kwa daktari. Watasema. Baada ya wiki chache za dawa utakuwa umepungua sana uwezo wa kuambukiza na umeanza kunenepa, nao watahamia kwa mwingine.

Nilipimwa, TB hakuna. Basi ilikuwa sigara?

Bado. Jibu la "hakuna TB" halina maana kuwa mapafu ni mazima. Uliza kuhusu picha ya kifua, na kama kikohozi kinaendelea, rudi. Wengi husikia "hakuna TB", wakatoka kwa furaha, na fegi ya kwanza wakaiwasha hapo hapo langoni.

Mimi sivuti sigara. Ni shisha tu, mwisho wa wiki.

Maji hayasafishi moshi, hupoza tu, ndiyo maana unaweza kuvuta kwa kina na kwa muda mrefu. Kikao cha saa moja kinaweza kukuingizia moshi mwingi kama wa sigara 100 au zaidi. Halafu ule mrija unazunguka mdomo kwa mdomo. Serikali ya Kenya iliipiga marufuku Desemba 2017, na mabishano mahakamani hayajakoma, lakini mapafu yako hayasubiri hukumu.

Na tambuu, au ugoro?

Tambuu yenye tumbaku ni tumbaku. Ugoro pia. Hazina moshi, lakini huleta saratani ya kinywa. Hapa pia kipimo changu ni kile kile: kidonda au doa jeupe mdomoni lisilopona kwa wiki mbili, lije lionekane. Usilifunike kwa tambuu nyingine. Na kwa wanaokula mirungi, ambao huwasha fegi moja kwa nyingine hadi alfajiri bila kuhesabu: hesabuni, mara moja tu, muone.

Navuta ndani lakini dirisha liko wazi. Watoto wako salama?

Hawako salama. Hakuna kiwango cha moshi wa sigara kisicho na madhara kwa aliye karibu. Toka nje, mbali na mlango. Mama mjamzito asikae kwenye moshi hata kidogo, kwani mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo au kabla ya wakati.

Sheria inasema nini? Mbona sigara inauzwa moja moja kila duka?

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ilipitishwa mwaka 2007 na kuanza kazi Julai 2008. Inakataza kuvuta hadharani nje ya sehemu zilizotengwa, na vyombo vya usafiri wa abiria vimo. Inakataza kumwuzia mtu wa chini ya miaka 18, inakataza matangazo, na inakataza kuuza pakiti ya chini ya sigara 10. Ndiyo, ile sigara moja ya dukani na kibiriti kinachoning'inia kwa kamba ni kinyume cha sheria. Kanuni zilizofuata, za mwaka 2014, ndizo zilizoleta picha za maonyo kwenye pakiti. Kampuni ya sigara ya BAT Kenya ilizipinga mahakamani hadi Mahakama ya Juu ilipoitupa rufaa yake Novemba 2019. Kampuni haipigani miaka yote hiyo kwa jambo lisiloipunguzia wateja.

Sigara ya moja moja ndiyo inayowafikia vijana wa shule, kwa kuwa pakiti hawaimudu. Na wewe mzee unayemtuma mwanao wa miaka minane akakununulie, mwenye duka anavunja sheria, na mtoto anajifunza kazi. Nenda mwenyewe.

Nataka kuacha. Nianzeje?

Panga siku, waambie wa nyumbani, tupa pakiti na kibiriti. Siku tatu za kwanza ndizo ngumu zaidi, na baada ya wiki mbili hadi nne hamu hupungua. Inapokuja, hudumu dakika chache tu: kunywa maji, tembea hadi ufukweni, ongea na mtu.

Waislamu wengi hapa tayari wameshafanya nusu ya kazi bila kujua. Mwezi wa Ramadhani anakaa zaidi ya saa 13 bila kuvuta, anafanya kazi, anavua samaki, hakufa. Kisha adhana ya magharibi, tende moja, na sigara! Ukiweza kuivusha saa ile baada ya futari, umeshaivusha ile ngumu kuliko zote.

Ukiacha, ndani ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo hushuka hadi karibu nusu ya ile ya mvutaji. Hata mgonjwa wa TB aliye kwenye dawa anafaidika, kwa hiyo usiniambie "nimeshaharibika, niache nini".

Nimeacha na sasa nakohoa zaidi. Si heri nirudie?

Wengine hukohoa zaidi siku za mwanzo, mapafu yanaposafisha njia zake. Sigara ukiirudia itakituliza kweli, kwa kuyazuia yasijisafishe. Vumilia. Na kikipita wiki mbili, unajua nitakachosema.

Makohozi ya kupima yanatolewaje?

Ukiamka asubuhi, kabla ya kula, sukutua kwa maji matupu. Toka nje penye hewa, mbali na watu. Vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha kohoa kutoka ndani kabisa ya kifua na uteme kwenye kikopo ulichopewa. Mate ya mdomoni hayafai, tutakurudisha. Funga kifuniko vizuri, nawa mikono, ulete asubuhi hiyo hiyo, na useme wazi kwamba unavuta na umekohoa tangu lini.