Kuongeza kingo za kitanda hakumlindi mtoto anayepanda

Hapa Mtwara akina mama hupeana ushauri huu: mtoto akianza kupanda kingo za kitanda chake na kutoka, muite fundi seremala aongeze mbao. Wengine hufunga wavu juu. Nia ni njema, lakini si salama.

Mtoto aliyekwisha kujifunza kupanda hasahau. Ukiongeza mbao, unaongeza kimo atakachoangukia, na kwa kuwa kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili, mara nyingi ndicho kinachotangulia. Wavu unaweza kumnasa shingo. Hata mito mnayompangia ndani asiumie, yeye huifanya ngazi.

Akifikia sentimita 90 hivi, au akitoka hata mara moja kabla ya hapo, kitanda hicho kimemaliza kazi. Tandika godoro chini, mbali na dirisha. Chandarua kibaki, maana mbu wa pwani yetu tunawajua. Kichomekwe vizuri chini ya godoro.

Tena sasa anaweza kuamka usiku na kutembea wakati wewe umelala, na hapa ndipo ninapowasihi wenzangu. Ndoo ya maji isilale wazi: mtoto mdogo huzama hata kwenye maji ya sentimita chache. Mafuta ya taa yaliyotiwa kwenye chupa ya soda yaondolewe kabisa, kwani atadhani ni kinywaji. Kabati lifungwe ukutani, atalipanda nalo. Komeo la mlango wa nje liwekwe juu, asikofikia.