Serebela iliyoshuka: hatari za kuifanyia upasuaji

Serebela ni sehemu ya ubongo iliyoko kisogoni, inayotuwezesha kutembea bila kuyumba. Kuna watu ambao ncha zake za chini zimeteremka hadi kwenye tundu ambamo ubongo huungana na uti wa mgongo. Hali hii hubeba jina la Hans Chiari, mtaalamu wa Austria aliyeieleza mwaka 1891. Kwa kawaida huhesabiwa kuwa ipo picha ya MRI (kipimo cha sumaku) ikionyesha mteremko wa milimita 5 au zaidi, ingawa wengi wa namna hiyo hawana dalili yoyote na hawahitaji kisu. (Serebela inayosukumwa ghafla na damu au uvimbe ni dharura, habari nyingine kabisa.)

Kinachofanyika katika upasuaji ni kupanua nafasi hapo kwenye tundu. Daktari huondoa kipande cha mfupa wa kisogo, mara nyingi pamoja na sehemu ya nyuma ya pingili ya kwanza ya shingo. Kisha, kwa wagonjwa wengi, huchana utando mgumu unaofunika ubongo na kuushonea kiraka.

Kiraka hicho ndicho chenye matatizo mengi. Maji ya ubongo hutafuta upenyo kwenye mshono. Yakiupata, kisogo huvimba uvimbe laini, au bandeji hulowa maji maangavu. Panapovuja, vijidudu navyo hupata njia, na homa ya uti wa mgongo huweza kufuata. Baadhi hurudishwa chumba cha upasuaji. Kwa hiyo wapo madaktari, hasa wa watoto, wanaoondoa mfupa tu bila kugusa utando: kuvuja hupungua, lakini uwezekano wa kupasuliwa tena huongezeka. Mfupa nao una kipimo chake. Ukiondolewa mwingi mno, serebela hukosa pa kuegemea na kuteremka zaidi.

Kuvuja damu ndani, kiharusi na kuumia kwa shina la ubongo, linalosimamia pumzi na kumeza, hutokea mara chache. Hata hivyo, ndizo sababu za kulazwa kwanza chini ya uangalizi wa karibu, muuguzi akimulika mboni za macho na kumwambia mgonjwa akaze ngumi.

Baada ya upasuaji, maumivu ya kichwa yanayogonga mtu akikohoa ndiyo hupata nafuu zaidi. Ganzi ya miaka mingi mikononi mara nyingi huacha tu kuongezeka, na mgonjwa ambaye hakuambiwa hilo mapema hudhani upasuaji umeshindwa.